Mfereji wa Maji Baridi

Mama, shikamoo nyingi kutoka Sib,

Tangi la maji la Mama Mkubwa liko juu ya paa, na jua la Maskati halina huruma. Siku nilofika nilifungua mfereji wa maji baridi nitie udhu, yakaniunguza, nikapiga ukelele. Dadako akacheka kitandani: "Mgeni wewe! Siku za joto sisi twazima hita. Fungua ule wa maji moto, huko ndiko yaliko ya baridi." Na kweli, hita imo ndani penye kiyoyozi, maji yake yametulia.

Lakini tangu augue, kucheka kwake kote kulikuwa huko huko kitandani. Ukifunguliwa mlango tu, joto lamrudisha. Kila ukipiga simu nnakwambia hajambo, na huku najua si kweli.

Leo alfajiri nimesikia maji yakimwagika bafuni, nikakimbia. Mama Mkubwa kasimama peke yake, mkono chini ya mfereji wa maji baridi, kanga imemrowa. "Hebu gusa," akanambia. Nikagusa. Yamepoa! Joto linaondoka, Mama. Kulipokucha akanituma niwagongee majirani, utadhani kazaliwa mtoto.

Sasa nnakwandikia uani. Yeye kakaa ubavuni kwangu, anakula halua na kunigombeza kwamba herufi zangu kubwa, zitamlia nafasi yake. Nnakubusu mikono. Ya kwake ni haya:

"Mdogo wangu, joto lilitaka kunizika. Nimelizika mimi."