Kikombe cha Bluu Nimekivunja Mimi

Wanangu,

Chai iko kwenye chupa. Jikoni msiingie pekupeku. Nimefagia, lakini macho yangu mnayajua.

Kikombe cha bluu nimekivunja mimi, msimsingizie paka. Tangu nipatwe na kiharusi mnanishikia kila kitu kama mtoto mchanga. Leo mlikuwa bado mmelala, nikakishika kwa mkono wa kushoto, huohuo mnaouita mgonjwa. Nikakiinua, nikanywa mpaka tone la mwisho. Halafu nikakiachia hewani! Wiki ya sita sasa kliniki wananivalisha ile miwani ya kompyuta inayonionyesha jiko lisilokuwepo, na vikombe vya mle ukishamaliza unaviachia tu, vinaelea vyenyewe. Mkono umelishika somo lote, pamoja na upuuzi wake.

~~Mnisamehe.~~ Siombi msamaha.

Nimekwenda kliniki peke yangu, msinifuate. Kishikio cha kikombe nimekitia kwenye pochi, nikamwonyeshe yule dada wa mazoezi. Mchele uoshwe kabla sijarudi.

Na chai ya jioni asinishikie mtu. Vikombe bado tunavyo vitano.

Mama yenu