Krauni Iliyoliwa na Mchanga

Jumatatu, 3 Agosti 1953

Nimesahihisha nusu ya madaftari ya Darasa la Pili, nikaacha. Kaka Anselmi karudi kazini na kitabu cha kiwanda. Kiingereza kitupu, picha nyingi, mafuta ya mashine kila ukurasa. Bwana wake kamwachia achague aina ya krauni watakayotumia.

"Nisomee, Felista. Yote. Usirukeruke."

Krauni ni kile kichwa cha chuma kinachofungwa mwisho wa bomba. Mdomo wake umepachikwa punje za almasi. Mashine inazungusha mabomba, almasi zinakata mwamba. Wanatoboa huko nyuma ya Kinondoni. Kuna watu wanataka kufungua machimbo ya mawe, na kwanza wajue mwamba umekwenda chini kiasi gani. Kampuni ya kina Kaka inalipwa kwa futi. Krauni ikichakaa lazima mabomba yote yatolewe, moja moja, na kazi inasimama. Kwa hiyo wanatafuta inayodumu.

Nilisoma. Chuma laini ni kwa mwamba mgumu ulioshikamana, maana kinalika kidogo kidogo na kuziacha almasi zimechomoza. Mwamba wenye mchanga ndani yake unataka chuma kigumu, la sivyo mchanga utakula chuma na punje zitadondoka. Nilimwambia hivyo hivyo.

Alicheka. "Mchanga? Mie natoboa mwamba, mdogo wangu, silimi mihogo."

Huko bara miaka yote alitumia ya chuma laini. Anaipenda kama mtu anavyopenda jembe lake.

Mwishoni kulikuwa na mstari mmoja: krauni zilizochakaa zirudishwe kiwandani, chuma kiyeyushwe kwa tindikali, almasi zitumike tena. Huo akaniambia niurudie. Nikaurudia. Sijui kwa nini nauandika.


Jumatano, 5 Agosti

Kachagua chuma laini. Nilijua.

Nimegombana na mtoto mmoja darasani bila sababu. Nikamwomba radhi kwa kumpa chaki. Mimi si mwalimu mzuri nikiwa na jambo kichwani.


Ijumaa, 7 Agosti

Leo nimeiona krauni kwa macho yangu. Wifi Tekla miguu imemvimba kwa mimba, nikampelekea Kaka chakula mimi baada ya shule. Kutoka Temeke hadi kule ni mbali, viatu vyangu vimekwisha.

Nilitegemea kitu cha kung'aa. Hakuna. Punje za kijivu, kama chumvi ya mawe iliyomwagika kwenye vumbi. Bwana wao, wanayemwita Bwana Miwani, anazikagua kwa kioo cha kukuzia asubuhi kabla krauni haijashuka na jioni ikitoka. Anaziangalia kama mama anayetafuta chawa. Kisha anaifungia krauni sandukuni na ufunguo anauvaa shingoni.

Nilimsalimu kwa Kiingereza. Aliniangalia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akamwangalia Kaka. Sikupenda.

Niliporudi, Bi Mwanaidi jirani yetu alikuwa barazani na vitumbua vyake. "Haya, wenye almasi mmerudi! Nipeni moja nipachike kwenye jino."

Wanawake wote waliokuwa wakichota maji bombani walicheka. Mimi pia nilicheka. Lakini niliingia ndani haraka. Watu wasizoee kutaja neno lile pamoja na nyumba yetu.


Jumapili, 9 Agosti

Misa. Kaka anajisifu njia nzima. Krauni yake inakwenda kama kisu kwenye papai, futi za wiki mbili wamezimaliza kwa siku chache. Bwana Miwani kampigia makofi mbele ya wenzake. Tekla anaimba jikoni.

Naogopa furaha hii. Sina sababu yoyote ya kuiogopa.


Jumanne, 11 Agosti

Punje tatu hazipo.

Krauni imetoka jioni ikiwa na mashimo matatu mdomoni. Bwana Miwani kaangalia kwa kioo chake, kaangalia tena, kafunga sanduku. Wafanyakazi wote wamepekuliwa, mpaka midomoni. Kaka ndiye aliyeifungua krauni kutoka kwenye bomba. Mikono yake tu ndiyo iliyoigusa.

Kaniambia haya akiwa amesimama mlangoni. Hakuvua koti. Kisha kaenda uani kunawa mikono, akanawa kwa muda mrefu sana. Nilikuwa namtazama dirishani.

Chakula hakugusa.


Jumatano, 12 Agosti

Anasema zimedondoka shimoni. Anasema mwamba wa huku si kama wa bara, kumbe ndani yake una mifuko ya mchanga, na mchanga umekula chuma. Anasema kweli tupu iliyo kwenye kitabu. Lakini nani atamwamini sasa? Bwana Miwani anasema katika kazi yake yote huko bara hajaona punje tatu kudondoka kwa siku moja.

Asiye na leseni haruhusiwi kukaa na almasi ghafi, hata iwe ndogo kama punje ya mtama. Kila mtu anajua. Wenzake Kaka wanasimulia habari za mtu wa migodini aliyekutwa na moja tu, kaishonea kwenye upindo wa koti. Wanasimulia mbele yake. Mmoja kamwambia, "Anselmi, mwenzetu, ukitajirika usitusahau." Kaka kamrukia. Wakatenganishwa.

Ada yangu yote ya shule ilitoka kwenye mkono wa Kaka, tangu baba alipofariki kule Masasi nikiwa mdogo. Akifungwa, Tekla atazalia wapi? Na masista wenye shule yetu, watamweka darasani dada wa mwizi? Nimeandika neno hilo. Sikulifuta.

Nakumbuka ule mstari wa tindikali. Kwa nini alitaka niurudie?


Alhamisi, 13 Agosti

Askari kanzu wawili. Wamekuja nikiwa nimetoka shule, kabla sijavua viatu. Unga wameumwaga kwenye jamvi. Godoro wamelichana. Wamechungulia mpaka kwenye kibuyu cha mafuta. Mmoja alipindua sanduku la nguo za mtoto ambazo Tekla anazishona, akazitikisa moja moja. Tekla alikaa chini ukutani, mikono juu ya tumbo.

Mkubwa wao alikuwa mpole. Upole wake ndio ulionitisha.

"Wewe ndiye mwalimu?"

"Ndiyo, bwana."

"Unajua Kiingereza. Ulimsomea kaka yako vitabu vya almasi?"

Nikasema nilimsomea kitabu cha kazi, alichopewa na bwana wake. Sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mtoto. Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Hawakukuta kitu. Kaka hakukamatwa. Kaambiwa asitoke nje ya mji.

Majirani walijaa uani. Bi Mwanaidi ndiye aliyewafukuza. "Nendeni makwenu, hapa hakuna ngoma!" Kisha akaingia, akatusaidia kuuzoa unga. Hakutania. Ningependa angetania.


Ijumaa, 14 Agosti

Nimemtafutia kaka yangu mwenyewe.

Alikuwa kazini. Tekla alikwenda kuchota maji. Nilichukua koti lake la kazi, leo kaliacha msumarini, nikalibonyeza kila mahali kwa vidole. Kwenye upindo, upande wa kushoto, nilihisi kitu kigumu.  Nikafumua uzi kwa ncha ya mkasi. Ilikuwa fundo la uzi wenyewe. Fundo tu. Lakini sikuacha. Nikafumua na upande wa kulia. Nikafumua ukosi. Nikageuza viatu vyake vya misa, nikakung'uta kofia. Nilifanya kazi ile vizuri kuliko askari, maana mimi najua anakoweka vitu vyake.

Sikujua nataka nini. Nisiikute, niwe na amani. Au niikute, niitupe chooni, iishe.

Nilipoinua kichwa Tekla alikuwa mlangoni, ndoo mkononi.

"Wifi, unatafuta nini?"

 Akatua ndoo. Akalichukua koti magotini mwangu polepole, kama anamnyanyua mtoto aliyelala, akaenda nalo chumbani kwao.

Namwogopa Tekla leo kuliko askari.


Jumamosi, 15 Agosti

Sikukuu ya Bikira Maria. Kaka hakwenda misa. Bwana Miwani kakubali ombi lake: leo hii tu, wazivue punje shimoni. Ikitoka kitu, vema. Isipotoka, jambo ni la polisi.

Nilitoka kanisani moja kwa moja nikaenda kule. Sikuweza kukaa nyumbani na Tekla.

Wanavua kwa sabuni. Sabuni ya mche, hii tunayofulia. Wanaiponda na kuilainisha, wanaishindilia kwenye mdomo wa bomba, wanashusha mabomba mpaka chini kabisa. Hawazungushi. Wanakandamiza tu, kisha wanatoa bomba moja baada ya jingine, pole pole. Kilicho chini kinanasa kwenye sabuni. Kaka alijifunza huko bara. Aliikata ile sabuni mwenyewe.

Niliketi juu ya gunia. Jua kali. Sikuomba. Nilijaribu, nikakuta naomba mambo mawili yanayopingana.

Mara ya kwanza: mchanga mtupu. Sabuni yote imejaa mchanga mweupe, laini kama unga. Bwana Miwani aliusugua kati ya vidole. Akaonekana anafikiri. Akaenda kuitoa ile krauni sandukuni, akapitisha ukucha kwenye chuma chake kilicholika. 

Mara ya pili: mchanga, na vipande vya mwamba.

Mara ya tatu Kaka aliinama juu ya sabuni, akabaki ameinama. Nikadhani anaanguka. Kisha akaita, "Bwana!" Sauti ile sijawahi kuisikia kwake. Bwana Miwani akaja na kisu kidogo, akachokoa, akaweka kitu kwenye kiganja. Punje ya kijivu.

Mmoja wa wafanyakazi, yule aliyemtania, akapiga kelele, "Samaki huyo!" Watu wakacheka kwa hofu iliyowatoka.

Ya pili ilitoka mchana. Ya tatu haikutoka. Walivua mpaka sabuni ikaisha, mpaka jua likawa jekundu. Hakuna.

Bwana Miwani akasema mbili zinatosha. Ya tatu itakuwa imesagwa huko chini na punje zilizobaki kwenye krauni. Akasema makosa ni ya krauni, mwamba huu unataka chuma kigumu. Atawaambia polisi. Alimpa Kaka mkono.

Kaka alinigeukia. Alikuwa analia na kucheka. Nami nililia. Kumbe kilio changu hakikuwa safi. Ndani yake kulikuwa na kitu kidogo kinachouliza: na ile ya tatu?


Jumapili, 16 Agosti

Tekla kamwambia Kaka habari ya koti.

Nilisikia sauti yake nyuma ya pazia, ya chini, bila kituo. Kaka hakuuliza kitu. Kisha sauti ya kitanda mtu anapokaa.

Alipotoka alikuwa amevaa lile koti. Upindo unaning'inia. Akaniamkia yeye kwanza, kwa sauti ya kila siku. "Umeamkaje, mdogo wangu." Mimi ndiye wa kumwamkia yeye. 


Jumanne, 18 Agosti

Mashimo mapya, krauni mpya. Chuma kigumu. Inakwenda polepole kuliko ile, lakini inashuka na kupanda na haijapoteza hata punje. Bwana Miwani karidhika. Wataimaliza kazi mapema hata hivyo, kwa kuwa hawasimami kubadilisha.

Haya kanisimulia Tekla. Kaka hanisimulii kazi tena. Hakununa. Anakula, anauliza habari za shule, anasikiliza jibu.

Nimeshona koti. Nililiomba kwa Tekla, akanipa.


Ijumaa, 21 Agosti

Nilimwambia. Uani, alikuwa anatia upepo baiskeli. Nikasema Kaka nisamehe, niliogopa.

Akaendelea kupampu. "Uliogopa nini? Kwamba watanifunga, au kwamba nimeiba?"

Nikasema vyote.

Akabonyeza gurudumu kwa kidole gumba. "Mie nilikuwa naogopa kimoja tu," akasema. "Nikadhani nyumba nzima tunaogopa kitu kimoja."

Nikamuuliza kuhusu ule mstari wa tindikali. Ilinibidi. Akanitazama kama nimeuliza jambo la kitoto. Anasema alitaka kujua kama krauni chakavu zinarudi kweli kiwandani, maana Bwana Miwani anawakata wao mshahara kwa kila iliyochakaa, akidai haina thamani tena.

Inawezekana. Naamini. Nimeandika kwamba naamini.


Jumatatu, 24 Agosti

Siku ya kawaida. Watoto wamesoma vizuri. Mawingu bila mvua.

Kazini sasa kila mtoboaji anapekuliwa jioni kabla ya kuondoka. Ndiyo amri mpya. Anavua koti, anageuza mifuko, anafungua kinywa.

Kaka alirudi jua likiwa bado lipo. Aliegemeza baiskeli ukutani, akaingia, akaja mezani nilipokuwa nasahihisha. Akageuza mifuko yake mbele yangu. Wa kushoto, kisha wa kulia. Kalamu ya risasi. Karanga chache. Kitambaa. Akavipanga karibu na madaftari, akavua koti, akaliweka pembeni yake.

Nikamwambia Kaka, si lazima.

"Najua," akasema. Bila hasira. Akaenda kunawa, tukala.

Amefanya hivyo tangu Jumamosi.