Shangazi Hakunifukuza Kazi

Muyeye,
Malindi.
9 Agosti 2025

Mpendwa kaka Mwaringa,

Shikamoo. Hujambo wewe, na shemeji Nyakio hajambo? Nasikia Tevin ameota meno na maneno kwa mpigo. Je, baridi ya Nakuru imekuachia kile kifua? Sisi huku tu wazima, twamshukuru Mungu. Barua hii nimempa Bridgit aliyekuja likizo kutoka huko kwenu, kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza hata sentensi moja.

Kazi imekwisha, ndiyo. Hoteli imeuzwa, na sisi wa dobi tukaambiwa kwa ujumbe wa simu kwamba tusirudi Jumatatu. Miaka yote ile ya kunyoosha mashuka ya wageni, hata ahsante ya mdomo hatukupewa! Wiki ya kwanza nililia, kaka, sikufichi. Nililala na kanga usoni, jirani akibisha nanyamaza. Niliona aibu kama niliyeiba.

Shangazi Sidi alikuwa amekuja kutoka Junju kunitembelea. Ujumbe uliingia akiwa bado ana kikombe cha chai mkononi. Akakataa kuondoka. Kila asubuhi alinivuta ile kanga: "Mwanangu, amka ukaoge. Njaa haimhurumii anayelia." Nikimjibu vibaya, ananicheka. Mwisho nikaamka, kwa hasira tu.

Sasa nafua nguo za watu hapa hapa uani, sare za shule, mashuka ya nyumba za wageni, kanzu za Ijumaa. Mimi nafua, shangazi anapiga pasi ya makaa, na mkunjo wake ukiuona utadhani umekatwa kwa kisu. Siku nyingine tunalalia uji. Lakini sijamlilia mtu hali, wala sina mpango huo.

Haya, lililonishikisha kalamu ni hili. Baba mdogo Dena anatangaza Junju nzima kwamba shangazi ndiye aliyenifunga riziki. Ushahidi wake? Kikombe cha chai! Na mvi. Siku hizi mvi zimekuwa kesi. Tena anasema wewe, mwana mkubwa wa marehemu baba, umekubaliana naye. Ningebisha, ila nilikusikia kwa masikio yangu: "Nenda tu kwa mganga ukaangaliwe, tujue ni nani." Nilikata simu.

Siendi. Wachinje mbuzi, wakodi gari, siendi ng'o! Aliyenitoa kazini namjua, amevaa suti na jina langu halijui. Na hebu niambie, umewahi kusikia mchawi asiye na shamba? Shangazi ana minazi yake na kile kiwanja kando ya barabara, na baba mdogo ameshaleta mnunuzi mara mbili. Mara zote mbili shangazi alimfukuza.

Unamkumbuka mzee Baya, jirani yetu. Naye walimwanzia kwa maneno maneno tu, watu wakacheka, wakasema yatapita. Unajua tulivyomkuta asubuhi ile. Wewe ndiye uliyemfunika.

Kikao cha ukoo ni Jumapili ijayo, tarehe 17, na neno lako ndilo wanaloliegemea. Mpigie baba mdogo kabla ya siku hiyo, umwambie umeifuta kauli yako, na asikie kila mtu. Ukinyamaza, nitakwenda peke yangu. Wakisema mwanamke hasemi kikaoni, nitasema nikiwa nimesimama mlangoni. Shangazi anabaki kwangu, mlango nimeutia komeo jipya, na Junju harudi mpaka aitwe kwa heshima. Anayemtaka atanikuta mimi kwanza.

Nisalimie shemeji, Tevin, na binamu yetu Kitsao ukimwona. Mola awape afya na mkate wa kila siku, na wewe akupe moyo wa kufanya lililo sawa.

Shangazi hajui ulilosema. Sikuweza kumwambia. Anakusalimu sana, na amekufungia korosho alizokaanga mwenyewe. Anasema kufa hakumtishi, maana Mwaringa wake yupo, atakuja kumzika.

Mdogo wako akupendaye, hasira na yote,
Everlyne