Vifuko vya Viatu vya Chumba cha Kompyuta

Jumatatu, 6 Machi 2006
Ukungu. Kuta zinatoa jasho tangu alfajiri, sakafu imelowa kama imemwagiwa maji. Uji, mkate, basi. Nimefika darasani wa kwanza. Hakuna aliyenisemesha mpaka saa nne.

Mchana kipindi cha kompyuta. Hakuna kuingia chumba kile bila vifuko vya kuvisha juu ya viatu, vumbi lisiingie. Vya dukani vinanibana, miguu yangu mikubwa. Mama alinishonea vya khanga. Xiaomin, anayekaa mbele yangu, amesema nimevaa mapazia. Wote mlangoni wakacheka.

Leo tumeanza kuandika amri. Ukiiambia mashine ichore duara, inachora. Nilikosea. Ikaandika: kosa, mstari wa saba. Nikabaki nikiutazama mstari ule. Nikikosea Kichina darasani wanacheka tu, hakuna anayeniambia nimekosea wapi. Mwaka wa pili huu tangu tuje huku.

Nikarekebisha. Duara likatoka.

Nimelala saa nne na nusu.

Jumatano, 8 Machi
Manyunyu. Nguo hazikauki. Mwalimu Liang anaanzisha kikundi cha kompyuta, Jumamosi asubuhi. Viti vichache, mashine nyingine zimekufa kwa unyevu. Amenichagua. Jina langu, Zuhura, amelitamka polepole mpaka akalipatia.

Nilitaka kumwambia mtu njiani. Nikapita barabara ya Huanshi Zhonglu nzima bila mtu wa kumwambia.

Saa tano.

Jumamosi, 11 Machi
Mawingu. Kikundi. Nimeandika programu inayouliza jina kisha inajibu. Mashine ilikuwa inageuza kila herufi yangu kuwa Kichina, nikatafuta mpaka nikajua pa kukizima. Nikaandika jibu kwa Kiswahili. Karibu, Zuhura.

Tangu nifike shule hii hakuna aliyenikaribisha. Nimeiendesha tena na tena, nikiandika jina lile lile. Sikuhisi njaa. Mwalimu Liang amezima taa mimi bado nimekaa.

Saa tano na robo. Usingizi ulikataa.

Jumamosi, 18 Machi
Mvua kubwa. Sikwenda kikundini. Baba alikuwa ananunua viatu vya kupeleka nyumbani, soko la Liuhua, na Kichina hana. Yeye anachagua, mimi nasema. Asubuhi nzima nimekuwa mdomo wake. Tai gui, ghali mno. Tai gui. Mwenye duka, laoban mnene, amewaambia wenzake binti huyu mkali kuliko baba yake, akanipa kigoda na chungwa. Baba akafurahi. Mimi nilikuwa nawaza kiti changu.

Sikumwambia baba kitu. Angesema nini?

Saa nne.

Jumatatu, 20 Machi
Ukungu tena. Mwalimu Liang amesema atakayekosa mara ya pili, kiti anapewa mwingine. Anayengoja ni Xiaomin.
“Usijali,” Xiaomin akaniambia, “kiti chako nitakupashia moto.”
Namchukia. Na najua anakipenda chumba kile kama mimi. Ndiyo maana namchukia.

Saa sita.

Ijumaa, 24 Machi
Manyunyu. Baba amerudi na habari: kontena linafungwa Jumatatu, kesho lazima aende kiwandani Xintang kukagua jinzi kabla hazijafungwa marobota. Mimi niende naye.
“Kesho nina shule, baba.”
“Shule gani Jumamosi?”
“Kompyuta.”
“Hiyo kompyuta itanisemea kwa laoban?”
Nikaenda bafuni, nikafungua bomba ili wasinisikie. Nilivyotoka mama alikuwa anakunja nguo mbichi.
“Baba Zuhura, kesho utakwenda na mie.”
Baba akacheka. “Wewe Kichina unakijua?”
“Tai gui nakijua. Na kuondoka dukani ili bei ishuke nimejua toka sokoni Darajani. Basi.”
Baba akanitazama macho yangu mekundu. Akaenda kuswali.

Vifuko vya khanga vimelowa, na Mwalimu Liang haruhusu kitu kibichi karibu na nyaya. Mama amechukua mguu mmoja wa suruali ya jinzi ya sampuli, akaukata.

Saa saba kasoro robo. Cherehani ilikuwa bado inalia.

Jumamosi, 25 Machi
Jua, jembamba. Nimeamka, wameshaondoka. Juu ya viatu vyangu vifuko viwili vya jinzi, kila kimoja na kifungo cha shaba. Nikavaa mlangoni pa chumba cha kompyuta. Xiaomin alikuwa amesimama nje, anangoja nisifike. Ameviangalia sana. Hakucheka. Akaniuliza mama yangu anashona vya watu wengine? Nikasema sijui. Akaondoka. Nilitamani kumwita, nikaingia ndani.

Programu yangu sasa inakumbuka majina. Haina majina ya kukumbuka. Nimeweka la mama, la baba, la Mwalimu Liang. Mwisho nimeweka la Xiaomin.

Wamerudi jioni wanacheka. Ilibidi baadhi ya jinzi zishonwe upya, mishono mibovu. Mama aliitoa moja, akamwonyesha laoban mshono kwa kidole, akasema tai gui, akaelekea mlangoni. Laoban akamkimbilia. Baba anamwigiza mpaka machozi. Amesema Jumamosi zote atakwenda naye.
“Wewe soma hiyo kompyuta yako, mwanangu.”

Ndicho nilichokitaka. Walikuwa wanasimulia Xintang, mimi sikuwapo. Nimemaliza chai, nimeosha vikombe.

Vifuko nimevianika kwenye mgongo wa kiti. Jua limeshakwenda, kuta zimeanza tena kutoa jasho. Mama anaimba jikoni. Taa ya barabarani inakipiga kifungo kimoja, na mimi nimekaa nakitazama.