Risasi Nilizosema Nimezikagua

Binamu Mfaume,

Nimekukosea mara mbili, na mara ya pili ulikuwa umeshalala kwenye jeneza, huwezi kunijibu.

Ya kwanza unaijua. Nguruwe walikuwa wanatumalizia mihogo, ukanituma mjini Chikongola nikanunue risasi za bunduki yako. Dukani zimekwisha. Jamaa mmoja wa mtaa wa Rahaleo akaniuzia zake, akasema ni zilezile. Kwa macho zilifanana kweli. Lakini wewe ulikuwa na kawaida yako: kila risasi unaipeleka dirishani, unasoma maandishi ya kitakoni, unaipima na ganda lako tupu la risasi ya zamani. Nilikuwa nakucheka, "Unakagua kama unachagua mchumba." Siku ile nikakuambia nimeshazikagua. Sikukagua hata moja.

Kule shambani ya kwanza tu ikagoma kuingia. Ukasema, "Hii inakataa, binamu." Na mimi, kwa vile ni mtani wako, nikakujibu, "Si risasi, ni uzee. Lete wanaume tukusaidie." Ukacheka, ukaikandamiza. Ulipofyatua, bunduki ikapasukia usoni kwako.

Jicho la kulia likaenda. Watu walipouliza ukasema bunduki ilikuwa imechoka. Miaka yote hiyo hukunitaja. Ukinikuta barazani unafumba lile jicho zima: "Sasa sikuoni kabisa. Raha iliyoje." Nilikuwa nacheka na wewe, halafu nikifika nyumbani naisogeza sahani pembeni.

Homa ikakuchukua. Msibani watani tulifanya kazi yetu. Nikashika mchi kama bunduki, nikafumba jicho, nikawa nasindilia gunzi la mahindi: "Mimi Mfaume, chochote kinaingia." Watu walicheka. Bi Somoe mkeo alicheka na machozi yake. Mwanao Hashimu hakucheka.

Sasa utani wangu umegeuka habari ya kweli. Kijiji kinatafuta mtu wa kushika bunduki yake mpya ya nguruwe, na hakuna anayeijua kazi ile kama Hashimu, umemfundisha mwenyewe. Mwenyekiti anasema, "Baba alisindilia chochote, mtoto tutamwaminije?" Hashimu anarudi shambani. Anafukuza nguruwe kwa kupiga debe. Nalisikia debe lake mpaka kwangu, binamu, na kila likilia nasikia jina lako.

Ganda lako la kupimia ninalo mimi. Bi Somoe alinipa, eti kumbukumbu ya mtani. Nimeshindwa hata kuliweka mfukoni.

Pumzika, ndugu yangu. Ulinificha vya kutosha. Arobaini yako ni Ijumaa hii. Dua ikiisha, kabla masinia hayajatoka, nitasimama mbele ya mwenyekiti niseme nani alileta zile risasi na nani alisema amezikagua. Ganda nitamkabidhi Hashimu mkononi, watu wakiona. Wakidhani ni utani, nitarudia mpaka waache kucheka.

Mtani wako