Maneno Saba Yasiyo na Jina

Mwaka umetimia, mume wangu, tangu uondoke ghafla ukaacha kiatu cha mteja kimetiwa gundi upande mmoja. Mwenyewe alikuja kukichukua, akakaa kwenye kiti chako akalia. Hukuwahi kumrudisha mtu kwa kuwa kiatu chake kimechakaa mno. Ulikuwa unaitafuta penseli nyumba nzima, nayo iko sikioni. Tunakumbuka yote.

Kila Alhamisi ulipofunga kazi, watu walijaa chumba cha mbele kusoma Biblia nawe. Sharti lako lilikuwa moja: neno la kanisani halielezwi kwa neno jingine la kanisani. Kila mtu alieleze kwa jambo alilowahi kulitenda mwenyewe. Aliyesema "imani ni kuamini" alikwenda kuosha vikombe. Seremala, maskini, aliosha karibu kila wiki. Jibu zuri uliliandika kwenye daftari, na pembeni kazi ya aliyelitoa: muuguzi, dereva, mshonaji.

Mimi nilikuwa jikoni nachemsha chai, roho inaniuma. Nasema wazi: niliwaonea wivu watu wale. Ukija mezani ni "muuguzi kasema hivi," na asubuhi muuguzi tena. Miaka tisa hukuniuliza mimi hata neno moja.

Siku ya mazishi seremala alisimama kukusifu. Akasema, "Fundi alitufundisha kwamba msamaha ni kupakuliwa chakula bila kuulizwa tena." Watu wakaangua kilio. Mimi nikaacha kulia. Maneno yale yalikuwa yangu! Ndiyo niliyokuambia tulipogombana: "Nimeshakupakulia, basi yamekwisha, usiniulize tena."

Nilirudi nyumbani nikafungua daftari. "Imani: kuanika nguo mawingu yakiwa yametanda." Langu. "Saburi: kumngoja mtu anayesema nakuja sasa hivi." Langu, na mtu mwenyewe ulikuwa wewe! Nilihesabu majibu saba ya namna hiyo. Ya wengine yote yana wenyewe, haya saba pembeni peupe. Kumbe siku zote ulikuwa unanisikiliza, ila kuniandika ndiko kulikokushinda.

Watu wa Alhamisi walipokuja kuliomba daftari, niliwaambia limepotea. Muuguzi akanishika mkono, akasema, "Usijisumbue, mama, tutakusaidia kulitafuta." Wema wake ukanichoma zaidi. Halikupotea, muuguzi, dada yangu. Lilikuwa chini ya godoro langu mwaka mzima. Niwie radhi, ingawa wivu wenyewe haujaniisha.

Binti zetu hawataki niandike haya. Mkubwa amesema, "Mama, watu si watasoma!" Wasome. Mdogo akacheka mpaka akalia, akasema, "Baba angelinyoosha hilo kosa lake la kutokukuandika kwa kupiga mluzi." Kweli ungepiga mluzi, tena vibaya, huku unachungulia kama nimekasirika.

Wiki hii nimechukua kalamu yangu nikaandika "mke" mara saba, kwa herufi kubwa. Alhamisi daftari litakuwa mezani, nami nitakaa chumba cha mbele pamoja nao. Chai atachemsha mwingine.

Kwenye ukurasa wa mwisho uliandika "Ufufuo", ukaishia hapo. Nimelitazama neno hilo miezi yote hii. Sina jibu, kwa kuwa sijawahi kulitenda wala kuliona. Lakini siku tutakapoonana, mume wangu, kabla hujamsalimia mtu yeyote, niulize mimi.

Unakumbukwa na mkeo. Binti zako wawili na wakwe zako. Wajukuu zako watatu. Mdogo wako wa kiume. Na watu wa Alhamisi, ambao nimewaweka mwisho kwa makusudi.

Hatutakusahau, leo wala siku yoyote.