Maji Matupu ya Moto

Dada Tumaini, shikamoo. Nakuandikia kutoka Mbeya, vidole vimekufa ganzi kwa baridi.

Asubuhi nilikuwa kwa mama lishe karibu na stesheni ya ile reli ya Zambia, aliyoijenga baba ujanani pamoja na Wachina. Wachina wamerudi kuikarabati. Zamani tuliambiwa ni urafiki. Siku hizi redio inasema ubia wa kimkakati. Basi akaingia injinia wao kijana, akaomba kwa Kiswahili cha kuokoteza maji ya moto, matupu. Mama lishe akashangaa: "Bila majani ya chai? Bila sukari? Kwani unaumwa, mwanangu?"

Dada, nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Si ndiyo maneno ya mama kila asubuhi, baba akijimiminia maji matupu kutoka kwenye chupa yake ya chai yenye maua mekundu? Nikamweleza yule kijana kwamba baba aliyazoea kambini, kwa Wachina wenzake wa kazi. Akasema babu yake naye alijenga hapa, na mpaka anakufa huko kwao alitaka chai ya maziwa, sukari vijiko vinne, mkewe akimwona kichaa. Tukanywa, kila mtu na kikombe chake.

Sasa ile chupa. Najua ni mimi niliyekwambia uitupe tulipogawana vitu vya baba. Nilikosea. Kama bado ipo hapo kwako Kihesa, ijaze maji ya moto, nafika Jumamosi. Wabusu watoto.

Usiweke majani.

Mdogo wako, Yohana